Lucy Lameck: muuguzi aliyefika kwenye meza ya maamuzi

Hapa kwetu Mara, wakitajwa waliopigania uhuru, jina la kwanza ni la Mwalimu Nyerere wa Butiama. Leo tunamkumbuka mwenzake katika TANU ambaye wengi hawamjui: Lucy Lameck. Alisomea uuguzi, kisha akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri Tanzania.

Alizaliwa mwaka 1934 huko Njoro, Moshi, katika familia ya wakulima. Alisomea uuguzi enzi za mkoloni, wakati hospitali zilipotenga wagonjwa kwa rangi, Mzungu kwake na Mwafrika kwake. Kazi aliijua, lakini alikataa kuifanya chini ya utawala huo. Akaenda kufanya kazi ya ukatibu katika KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro.

Alijiunga na TANU, akapata nafasi ya kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza, na baadaye Marekani. Mwaka 1960 aliingia bungeni. Baada ya Uhuru akawa naibu waziri wa Ushirika na Maendeleo ya Jamii, kisha naibu waziri wa Afya.

Alishika nafasi hiyo ya Afya katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967. Swali kubwa lilikuwa hili: fedha chache zilizopo zijenge hospitali kubwa mijini, au zahanati na vituo vya afya vijijini? Mpango wa maendeleo wa 1969 hadi 1974 uliweka mkazo vijijini. Wakati huo, miongoni mwa viongozi wa wizara alikuwamo mtu aliyefundishwa kumhudumia mgonjwa kitandani.

Wapo watakaosema wodi ilipoteza muuguzi. Ni kweli, na wauguzi hawajawahi kututosha. Lakini muuguzi wa wodini huhudumia kwa vifaa alivyoletewa. Glavu ngapi zinunuliwe, mama mjamzito atembee umbali gani, hayo huamuliwa kwenye vikao. Asipokuwepo anayejua kazi ile, huamua wasioijua.

Lucy Lameck alifariki mwaka 1993. Meza ya maamuzi sasa imesogea karibu nasi. Iwe Musoma, Bunda au Butiama, halmashauri huwa na bodi ya afya, na zahanati au kituo cha afya cha serikali kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Mfawidhi wa kituo, ambaye pengine ni muuguzi, ndiye katibu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kwa hiyo kamati inapojadili mpango na bajeti, inazungumzia dawa na huduma zako.

Msikilizaji, je, unawajua wajumbe wa kamati ya zahanati yako? Waulize kwenye mkutano wa kijiji fedha zimetumikaje. Na nafasi zikitangazwa, kama kijijini kwenu yupo muuguzi mstaafu anayeaminika, mshaurini aombe. Huenda bibi huyo mnayemwamkia kila siku kisimani ndiye anayejua zahanati yenu inakosa nini.