CHARLIE CHAPLIN, CHALE ALIYEFARIKI SIKU YA KRISMASI

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Ukifungua kamusi ya Kiswahili utalikuta neno chale. Achana na zile chale za kuchanjwa kwa wembe. Kuna chale mwingine, naye ni mtu wa kuchekesha, yule ambaye akitokea tu, kabla hajafungua kinywa, mbavu zako zimeshaanza kuuma. Ni vigumu kulitamka neno hilo bila kulisikia jina la Charlie ndani yake.

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilitazama filamu ya Charlie Chaplin iitwayo The Gold Rush kwa projekta ya kuazima. Filamu yenyewe ni ya mwaka 1925, haina rangi, na ni bubu. Wengine walinung'unika eti tumeletewa sinema ya kale. Baada ya dakika kumi manung'uniko yaliisha. Kwa vile hakuna anayesikika akiongea mle ndani, sisi wenyewe tuliwasemea, huyu kwa Kiswahili sanifu, yule kwa Sheng, na mwalimu mlezi akatuacha tu. Babu yangu naye alimwona Chaplin akiwa mtoto, kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa sokoni na watu wa gari la sinema. Hakujua Kiingereza hata kidogo na anasema hakukihitaji.

Basi wengi walitoka wakiuliza huyu bwana mdogo mwenye viatu vikubwa alikuwa nani hasa. Na kwa kuwa jarida hili litawafikia shule zikifungwa na Krismasi ikibisha hodi, nimeona nimsimulie sasa.

Charles Spencer Chaplin alizaliwa tarehe 16 Aprili, 1889, akakulia mitaa ya kimaskini ya kusini mwa London, nchini Uingereza. Baba na mama wote walikuwa waimbaji wa jukwaani. Baba alikuwa mtu wa chupa, na aliiacha familia mapema. Mama, jina lake Hannah, alibaki na wavulana wawili, Sydney na Charlie, ambao walipishana kwa miaka minne.

Riziki ya Hannah ilikuwa sauti yake, na sauti hiyo ikaanza kumsaliti. Usiku mmoja katika mji wa Aldershot, mbele ya wanajeshi, ilikatika katikati ya wimbo. Askari wakaanza kupiga kelele na kumzomea. Msimamizi akamshika mkono Charlie, mtoto wa miaka mitano, akamsukuma jukwaani badala ya mama yake. Mtoto akaimba. Watu wakamtupia sarafu. Lo! Charlie aliukatiza wimbo akatangaza kwamba ataokota pesa kwanza ndipo aendelee. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Usiku ule mwana alianza kazi, na mama ndiyo aliimaliza yake.

Kilichofuata ni dhiki tupu. Hannah alishona nguo kwa cherehani hadi ikamshinda. Mwaka 1896, Charlie akiwa na miaka saba, wote watatu waliingia katika nyumba ya mafukara. Nyumba hizo zilikuwa za serikali, za watu wasio na mbele wala nyuma. Ulipewa chakula na mahali pa kulala, lakini mlangoni mama alitenganishwa na watoto wake. Wavulana walipelekwa shule ya mayatima na maskini huko Hanwell, nje ya jiji. Huko Charlie alipata choa kichwani, haya tunayoita mashilingi, akanyolewa upara na kupakwa dawa. Anayejua mzaha wa wanafunzi hana haja ya kuelezwa zaidi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipoweka kitabu chini nikatazama ukuta. Mwaka 1898 walikuwa wamerudi tena katika nyumba ya mafukara, mama huku na watoto kule. Mwezi wa Agosti Hannah akafanya ujanja. Sheria iliruhusu mtu kujitoa wakati wowote, mradi atoke pamoja na watoto wake. Basi akajitoa. Walivalishwa nguo zao wenyewe, zilizokunjamana baada ya kufungiwa stoo, wakakutana langoni asubuhi. Nyumba ya kwenda hawakuwa nayo. Walikwenda bustani ya Kennington, wakakaa kwenye benchi. Sydney alikuwa na senti kidogo, wakanunua matunda wakala. Kisha Sydney akafinyanga gazeti, akalizungushia kamba, ukawa mpira, wakacheza wote watatu. Wallahi, kumbe mpira wa karatasi hatukuuvumbua sisi! Mchana wakala na kunywa chai mkahawani kwa senti zilizobaki. Jioni wakarudi langoni, wakaandikishwa upya kama wageni, mama huku na watoto kule. Wakubwa wa mahali pale walikasirika sana kwa sababu ya kazi ya kuandika karatasi zote tena.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 12 Agosti. Hakukuwa na kengele ya kanisa wala wimbo wa malaika. Lakini mimi nikiulizwa Krismasi ni nini, nitaitaja siku hiyo kabla ya kutaja mti wenye taa madukani. Watu watatu waliotenganishwa walikula pamoja. Wiki chache baadaye akili ya Hannah iliruka, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na wavulana wakapelekwa kwa baba yao mlevi kwa muda.

Miaka iliyofuata nitaipitia mbio. Charlie alijiunga na kikundi cha watoto waliocheza ngoma kwa viatu vya mbao. Baba yake alifariki mwaka 1901, pombe ikiwa imemmaliza kabla hajatimiza miaka arobaini. Mwaka 1903 mama aliugua tena. Sydney alikuwa baharini akifanya kazi melini, kwa hiyo Charlie mwenyewe, mvulana wa miaka kumi na minne, ndiye aliyemkokota mama yake barabarani hadi hospitalini. Kisha akarudi chumbani peke yake. Hebu fikiria, huo ni umri wa mtoto wa kidato cha kwanza.

Ajabu ni kwamba kutoka kwa mama huyo huyo ndiko alikopata kipaji chake. Hannah alipokuwa mzima aliketi dirishani akiwatazama wapita njia, akawaiga mmoja mmoja kwa mikono na uso, na kumwambia mwanawe yule ametoka nyumbani na hasira, huyu hajala. Charlie alijifunza kumsoma mtu kwa mwendo wake.

Mwaka 1908 aliingia kikundi cha vichekesho cha Fred Karno, nacho kikampeleka Marekani mwaka 1910. Mwishoni mwa 1913 alianza kazi katika kampuni ya filamu ya Keystone, California, kwa dola 150 kwa wiki. Mapema mwaka 1914 aliambiwa avae chochote cha kuchekesha. Akachagua mambo yanayogombana: suruali pana na koti la kubana, kofia ndogo na viatu vikubwa, kimkongojo, na kimasharubu cha kubandika. Akawa yule hohehahe tunayemjua, mtu asiye na kwao anayejibeba kama bwana mkubwa. Akianguka, kwanza huirekebisha kofia.

Pesa zilimjia kama mvua ya masika. Mwaka 1915 alilipwa dola 1,250 kwa wiki. Mwaka 1916 mkataba wake ulikuwa dola 670,000 kwa mwaka, naye alipoutia sahihi alikuwa na miaka ishirini na sita tu. Mwaka 1919 yeye na wenzake watatu, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, walianzisha kampuni yao wenyewe, United Artists, ili wasitegemee matajiri wa studio. Mwaka 1921 alimleta mama yake California, akamwekea nyumba na wauguzi hadi alipofariki mwaka 1928.

Mwaka 1919 pia ndio aliopata mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Mtoto aliishi siku tatu tu. Baada ya hapo Charlie akaingia kutengeneza The Kid, filamu ya mwaka 1921 inayohusu hohehahe anayeokota mtoto mchanga jalalani na kumlea. Watu wa serikali wanapokuja kumpeleka mtoto nyumba ya mayatima, hohehahe anakimbia juu ya mapaa ya nyumba kumfuata lori. Aliyesoma habari za lile lango la mwaka 1898 haulizi mambo hayo yalitoka wapi.

Turudi kwenye The Gold Rush. Wale mliokuwepo mnakumbuka kwamba ina sikukuu mbili. Ya kwanza, siku ya Wamarekani ya kutoa shukrani, inamkuta Charlie na mchimba dhahabu mwenzake wamenaswa na theluji kibandani, njaa imewashika. Charlie anachemsha kiatu chake. Anakihudumia kama kitoweo cha heshima, anakipakua kwenye sahani, anakula kamba zake kama tambi na kunyonya misumari kama mifupa ya kuku. (Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende nyeusi, msije mkajaribu.) Baadaye mwenzake anaona njaa imemgeuza Charlie kuwa kuku mkubwa, anamfukuza kwa bunduki. Hapo darasa zima lilikuwa chini ya madawati.

Sikukuu ya pili ni mkesha wa mwaka mpya. Charlie amewaalika Georgia, msichana anayempenda, na rafiki zake, nao wameahidi kwa mdomo tu. Amefanya vibarua kupata pesa. Ameandaa meza, ameweka zawadi na mishumaa. Anangoja. Anapitiwa na usingizi na kuota kwamba wamekuja, naye anawachezesha mikate miwili kwenye uma kana kwamba ni miguu inayocheza dansi. Anazinduka saa sita za usiku. Nyimbo zinatoka ukumbini ng'ambo, na viti vyake vi vitupu. Wale wale waliokuwa wakipiga meza kwa vicheko walinyamaza kimya. Jirani yangu alijifanya kufunga kamba za viatu kwa muda mrefu.

Mimi naona filamu hiyo inaijua Krismasi kuliko nyingi zinazoonyeshwa kwenye televisheni mwezi wa Desemba, zile ambazo theluji inaanguka na kila mtu anapata zawadi kabla ya matangazo. Huyu anajua kwamba sikukuu ndiyo siku ambayo aliye peke yake huhesabu viti. Mtaani kwetu yuko bawabu wa usiku ambaye kwao ni mbali na nauli za Desemba hupanda. Kila tarehe 25 hukaa pale langoni akisikiliza redio huku harufu ya pilau za watu ikimpita puani. Mwaka jana kwetu hali ilikuwa ngumu, nguo mpya hakuna, chapati zilihesabiwa. Mama alitoa moja, akaifunika sahani, akanituma nimpelekee. Nilinung'unika njia nzima. Sasa ninapoandika haya ninaelewa ile sahani ilikuwa na nini ndani yake.

Msidhani ninamfanya Chaplin malaika. Mwaka 1924 alimwoa Lita Grey, msichana wa miaka kumi na sita, naye akiwa na thelathini na mitano. Hiyo miaka kumi na sita ni yangu na ni ya wasichana ninaokaa nao darasani. Hapo simtetei, na kicheko hakifuti jambo hilo. Alioa mara nne. Ndoa ya mwisho, ya mwaka 1943 na Oona O'Neill, ndiyo iliyodumu hadi kifo, ikazaa watoto wanane.

Filamu za sauti zilipoingia yeye aling'ang'ania ububu. City Lights ya mwaka 1931 ni bubu, na Modern Times ya 1936 karibu iwe bubu kabisa. Alipoamua kusema sawasawa, mwaka 1940, alisema dhidi ya Adolf Hitler, katika The Great Dictator. Hitler alizaliwa siku nne tu baada ya Chaplin, na masharubu yao yalifanana. Wakati huo Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na wengi waliogopa kumgusa.

Baada ya vita, Wamarekani wengine walianza kumshuku kuwa mkomunisti. Mwezi wa Septemba 1952, akiwa melini kuelekea London na familia yake, kibali chake cha kurudi kilifutwa. Miaka arobaini ya kuwachekesha haikumsaidia kitu. Akahamia Uswisi, kijiji cha Corsier-sur-Vevey, katika nyumba yenye bustani kubwa. Alirudi Marekani mwaka 1972 kupokea tuzo ya heshima ya Oscar, na watu walisimama wakapiga makofi kwa dakika nyingi huku mzee akilia. Mwaka 1975 Malkia wa Uingereza alimpa cheo cha Sir, akakipokea akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Wanawe wamesimulia kwamba baba yao hakuipenda Krismasi, ingawa nyumba ilijaa watoto na zawadi. Alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 25 Desemba, 1977, akiwa na umri wa miaka 88.

Na hata kaburini vituko havikumwacha. Mwezi wa Machi 1978 wezi wawili walilifukua jeneza na kudai fidia. Oona alikataa kutoa hata senti. Polisi waliwanasa, na jeneza likapatikana mwezi wa Mei limefukiwa katika shamba la mahindi. Chaplin alizikwa tena pale pale Corsier-sur-Vevey, mara hii chini ya zege, na tangu mwaka 1991 Oona amelala kando yake.