Mjue Larry Itliong, Msee wa Vidole Saba Aliyewasha Mgomo wa Zabibu Marekani

Ukiuliza nani alipigania wafanyakazi wa mashamba huko Marekani, jina utakaloskia kwanza ni Cesar Chavez. Fiti. Lakini mgomo uliompa Chavez jina ulianzishwa na buda mwingine, Mfilipino mfupi wa kuvuta sigara kubwa, na huenda hujawahi kumskia.

Larry Itliong alizaliwa 1913 huko Pangasinan, Ufilipino, wakati nchi hiyo ilikuwa koloni la Marekani. Masomo aliachia darasa la sita. Mwaka 1929, akiwa mtoi wa miaka 15, akadandia meli kwenda Marekani akiota kuwa wakili. Alichopata huko ni kusota tu: kuvuna letasi, kuchuma zabibu, kupakia samaki kwenye mikebe kule Alaska. Ajali ya huko ikamtoa vidole vitatu, na tangu hapo wasee wakamwita Vidole Saba.

Hebu fikiria maisha ya Wafilipino hao. Wengi walienda wakiwa wanaume vijana bila familia, na hadi 1948 sheria ya California haikuwaruhusu kuoa mzungu. Kwa hivyo wengi walizeeka bila bibi wala watoto, wakilala kwa kambi za mabosi na kuhama mavuno yakihama. Wakaitwa manong, yaani kaka mkubwa. Hao ndio watu wa Larry.

Mei 1965, manong waligoma huko Coachella na wakapata dola 1.40 kwa saa. Zabibu za Delano zilipoiva, mabosi wa huko wakakataa kulipa hiyo doh. Septemba 8, Larry na wenzake wakaweka kazi chini. Mabosi nao wakawakatia maji na stima kwa kambi, wengine wakafukuzwa kabisa. Watu wa miaka 50 na 60, mazee, nje na mizigo yao.

Lakini Larry alikuwa amechanuka. Alijua ujanja wa miaka yote: Wafilipino wakigoma, mabosi wanaleta Wamexico wachukue kazi. Wamexico wakigoma, wanaletwa Wafilipino. Kila upande ukiona mwingine ndio msaliti, na tajiri anacheka akienda benki. Basi akamwendea Chavez, kiongozi wa chama cha Wamexico, akamwomba waingie pamoja. Chavez hakuwa tayari. Chama chake kilikuwa kichanga na aliona kinahitaji miaka kadhaa zaidi. Lakini angekaa kando, watu wake ndio wangetumiwa kuvunja mgomo. Septemba 16 wanachama wake wakakutana kanisani na kupiga kura. Wakakubali kugoma.

Mwaka 1966 vyama hivyo viwili vikaungana, Chavez akawa mkubwa na Larry msaidizi wake. Wateja Marekani na Canada wakaombwa kususia zabibu, na wengi wakasusia. Ilichukua miaka mitano. Julai 29, 1970, mabosi wa Delano wakakubali yaishe, wakatia sahihi.

Hapa ndipo stori inauma. Mwaka uliofuata Larry alijitoa kwa chama. Aliona wazee wake wamesahaulika, na maamuzi yanafanywa na watu wachache waliomzunguka Chavez. Wanaompenda Chavez hawapendi kuongelea hiyo sehemu, lakini ilitokea. Hata hivyo hakuwatupa manong. Aliendelea kusukuma wapate pa kuzeekea, na 1974 nyumba zao zikafunguliwa Delano. Zikaitwa Agbayani Village, jina la mgomaji mwenzao aliyeanguka na kufa akiwa kwenye mgomo.

Larry alikufa Februari 8, 1977, akiwa na miaka 63, baada ya kuugua ugonjwa wa neva. Ilibidi miaka 38 ipite ndipo California ikaanza kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa, Oktoba 25, kama Siku ya Larry Itliong.