Mboya Hakumaliza Sekondari

Baadhi ya walimu hapa Machakos humwita mtoto mzito wa kichwa, na jina hilo likamfuata hadi mtihani wa mwisho. Nawaomba wamkumbuke Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge huko Kilimambogo, akaanza masomo katika misheni ya Kabaa, papa hapa Machakos, kisha Yala na Mang'u. Karo ilipomshinda babaye, aliacha shule kabla ya mtihani wa cheti, akasomea ukaguzi wa afya.

Kwa vipimo vya shule, huyo hakufika popote. Lakini mwaka 1955 Chuo cha Ruskin, Oxford, kilichopokea wafanyakazi wasio na vyeti, kilimfungulia mlango. Mwaka 1959 aliongoza mpango uliowapeleka vijana 81 kusoma Marekani. Baadaye akawa waziri, hadi alipouawa Julai 1969.

Wanasosholojia wameeleza jinsi mtoto anavyoweza kuishi sawasawa na jina alilopewa. Nionavyo mimi, mwalimu asiyeuliza habari za nyumbani huweza kuuita ufukara wa mzazi ujinga wa mtoto. Naye mtoto huamini, kisha hutimiza.