MICKEY THOMPSON: FUNDI ALIYEKULIA KWENYE NJIA ZA NDEGE

Kila mwaka gazeti letu la Chama cha Kiswahili husimulia maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Washairi tumewasoma, wafalme tumewasoma, na wapigania uhuru ndio usiseme. Mwaka huu nilimwomba mwalimu mlezi wa chama aniruhusu nilete fundi wa magari. Jina lake ni Mickey Thompson, Mmarekani, na lau angezaliwa karibu na Kamukunji tungemwita mtu wa jua kali bila kusita.

Alizaliwa tarehe 7 Desemba 1928 katika mji wa Alhambra, jimbo la California. Wazazi walimpa jina la Marion Lee, lakini Mickey ndilo lililoshika. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alifanya kazi kwenye mitambo ya kuchapa gazeti la Los Angeles Times. Kazi hiyo ilikuwa ya kutafuta mkate tu. Moyo wake ulikuwa kwenye injini.

Ili umwelewe jamaa huyu, msomaji, lazima kwanza ujue mambo yalivyokuwa kwao. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, vijana wa California walinunua magari makuukuu, hasa ya Ford, wakayang'oa madigadi na kila kitu kizito, wakazichokora injini mpaka zikanguruma kama simba. Kisha wakashindana usiku barabarani, kutoka taa hadi taa. Watu walikufa, na polisi wakawa hawalali. Wenye subira walikwenda jangwani kwenye maziwa yaliyokauka kama El Mirage, lakini huko ni mbali na vumbi lake si mchezo.

Ndipo wakakumbuka viwanja vya ndege. Vita vilikuwa vimeacha njia nyingi za kurukia ndege ambazo hazikuwa na kazi tena, au zilizotumiwa na ndege ndogo chache tu. Hebu fikiria: njia pana, imenyooka kama rula, haina kona, haina matatu, wala ng'ombe wa kukatiza. Katikati ya mwaka 1950 bwana mmoja aitwaye C. J. Hart, pamoja na wenzake, alianza kuendesha mashindano kila Jumapili kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Santa Ana. Kiingilio kilikuwa senti 50 za dola, uwe dereva au mtazamaji. Magari mawili husimama sambamba, mtu mwenye bendera anaipeperusha, na anayefika kwanza robo maili ndiye mshindi. Robo maili ni mita 402 hivi, yaani ni kama uchukue mzunguko mmoja wa uwanja wetu wa michezo uunyooshe. Mbio zenyewe huitwa dragi. Pale Santa Ana ziliendelea hadi mwaka 1959, na leo mahali pale pana kiwanja kikubwa cha ndege kinachoitwa John Wayne.

Thompson ni mtoto wa mbio hizo. Tatizo lililowasumbua wote lilikuwa moja: injini ilikuwa na nguvu kuliko uwezo wa tairi kushika lami. Ukikanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure, moshi unafuka, na mwenzako anakuacha. Mwaka 1954 Thompson aliunda gari ambalo dereva wake alikaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, ili uzito wake uyagandamize chini. Ukilitazama gari hilo unaona dereva amekaa kama jiwe ndani ya manati, na kweli likaitwa hivyo, gari la manati. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe. Hakuongeza nguvu, alihamisha kiti. Miaka mingi iliyofuata karibu kila gari la dragi la hali ya juu lilifuata mtindo huo.

Gari hilo alilipeleka kwenye mashindano ya kwanza ya taifa zima mwaka 1955, Great Bend, jimbo la Kansas. Hapo pia palikuwa kiwanja cha ndege, kilichojengwa wakati wa vita kwa ajili ya ndege kubwa za kuangusha mabomu, aina ya B-29. Gari la Thompson lilipita maili 150 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 240. Lakini mvua ikanyesha hata fainali ikabidi ihamishiwe karibu na Phoenix, Arizona, miezi miwili baadaye, na ushindi akauchukua Calvin Rice.

Hapa ninyi wapenzi wa Kiswahili tegeni sikio. Chama cha mbio hizo, NHRA, kilichoundwa mwaka 1951, kilituma kikundi cha watu wanne wazunguke Marekani na gari na trela, wakiwafundisha vijana wa miji midogo jinsi ya kushindana kwa usalama badala ya kuuana barabarani. Walianza mwaka 1954, na unajua walikiitaje kikundi chao? Safari! Neno letu lilikuwa limekwisha kuvuka bahari likafika Kansas, na hata leo kikosi cha usalama cha NHRA kinabeba jina hilo.

Mwaka huohuo wa 1955 Thompson akawa meneja wa kwanza wa uwanja wa Lions huko Wilmington, karibu na Long Beach, uliofunguliwa ili vijana wa mitaani wapate pahali halali pa kukimbizana. Halafu hamu ya mwendo ikampeleka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah. Aliunda Challenger I, gari lenye injini nne za Pontiac. Tarehe 9 Septemba 1960 alipita kwa maili 406.60 kwa saa, karibu kilomita 654. Kwa mwendo huo ungetoka Nairobi asubuhi na kufika Mombasa kabla ya kipindi cha pili kwisha! Lakini sheria inataka uende na urudi ndani ya saa moja, na aliporudi shafti ikavunjika. Basi rekodi ya Mwingereza John Cobb ya mwaka 1947, kilomita 634, ikabaki palepale.

Wanaomsifu Thompson huwa wanaruka mwaka 1964, lakini mimi siuruki. Alipeleka magari yake kwenye mbio za Indianapolis, magari mafupi mno kwa kimo, na kulikuwa na madereva waliolalamika kuwa hayashikiki. Tarehe 30 Mei, katika mzunguko wa pili, Dave MacDonald aligonga ukuta na gari likalipuka. Eddie Sachs akaliingia. Wote wawili walikufa. Baada ya hapo magari ya Indianapolis yaliachana na petroli yakahamia methanoli. Kwa maoni yangu, ile haraka ya kuwa wa kwanza iliyomfikisha Bonneville ndiyo iliyomponza hapa, na waliolipa ni wengine.

Aliendelea kuuza tairi na kuandaa mbio za jangwani. Kisha, asubuhi ya tarehe 16 Machi 1988, watu wawili waliojifunika nyuso walimpiga risasi yeye na mkewe Trudy nje ya nyumba yao huko Bradbury, wakatoroka kwa baiskeli. Ndiyo, baiskeli, kwa mtu aliyeishi kwa mwendo wa kasi. Michael Goodwin, aliyewahi kuwa mshirika wake wa biashara, alipatikana na hatia mwaka 2007 akafungwa maisha. Wale wawili wa baiskeli hawakupatikana.

Kulikuwa na gari moja lililobaki gereji. Challenger 2 liliundwa mwaka 1968, lakini mvua ililoweka ile chumvi na rekodi haikuvunjwa. Mwanawe Danny alilifufua, na mwezi wa Agosti 2018, palepale Bonneville, akaenda na kurudi. Wastani wake ulikuwa maili 448.757 kwa saa.