Mekatilili: Malalamiko yaliyokosa msikilizaji
Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama wa Kilifi, hakuwa na wadhifa serikalini, lakini mwaka 1913 ndiye aliyebeba malalamiko ya wenziwe dhidi ya kodi ya nyumba na kazi za kulazimishwa. Hapakuwa pa kuyapeleka: mlalamikiwa, afisa wa wilaya Arthur Champion, ndiye aliyekuwa msikilizaji. Akawaapisha watu Kaya Fungo wasitii. Alikamatwa, akahamishiwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Serikali ikailipua kaya kwa baruti, nao wakakamatwa tena. Alirejea 1919, akafariki 1924. Tume ya Haki ya Utawala, inayochunguza malalamiko dhidi ya maafisa wa umma, iliundwa 2011, miaka 87 baadaye.