Georges Lemaître: Padri aliyeutafuta mwanzo wa ulimwengu

Georges Lemaître alizaliwa mwaka 1894 mjini Charleroi, Ubelgiji. Alipigana Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia katika kikosi cha mizinga, akapewa upadri mwaka 1923, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Leuven.

Mwaka 1927, akitumia nadharia ya mvutano ya Albert Einstein, alionesha kuwa ulimwengu unatanuka. Einstein alizikubali hesabu zake, lakini hakukubali kwamba ndivyo ulimwengu ulivyo. Lemaître hakurudi nyuma. Mwaka 1931 alieleza kuwa kama ulimwengu unatanuka, basi zamani ulibanana mno, na ulianza kama chembe moja.

Miaka miwili baadaye aligusa kile kinachoitwa leo shimo jeusi. Alionesha kuwa kwenye mpaka wake, ambako hesabu zilionekana kugoma, kitu kinaweza kupita na kuzama ndani. Kinachogoma kweli ni katikati, ambako kwa hesabu hizo msongamano hauna kikomo.

Mwanzo wa ulimwengu nao una hali hiyo, ila mwelekeo ni kinyume. Kwa kinachotumbukia shimoni, huo ni mwisho ulio mbele yake. Kwa ulimwengu, ni mwanzo ulio nyuma ya kila kitu.

Papa Pius XII alipoihusisha sayansi hiyo na uumbaji mwaka 1951, Lemaître hakufurahia. Kwake imani na hesabu zilikuwa njia mbili tofauti.

Alifariki dunia Juni 1966, muda mfupi baada ya kuarifiwa kuwa mabaki ya mionzi ya mwanzo yamegunduliwa.