Steven Kanumba: Kijana wa Shinyanga aliyeifanya filamu ya Bongo ijulikane nje ya mipaka

Zaidi ya miaka kumi imepita tangu Steven Kanumba azikwe katika makaburi ya Kinondoni, Dar es Salaam. Hata hivyo, kila inapofika Aprili 7 jina lake hurudi kwenye redio, kwenye magazeti na kwenye simu za watu. Wengi wanaomkumbuka leo walikuwa watoto wadogo alipofariki.

Alikuwa na umri wa miaka 28 tu. Kwa muda huo mfupi alianzia kwenye maigizo ya televisheni, akaingia kwenye filamu za kuuzwa madukani, akashirikiana na wasanii wa Nigeria na kuanzisha kampuni yake mwenyewe. Maisha yake pia yanaeleza jinsi tasnia ya filamu ya Tanzania ilivyokua haraka, na kwa nini umaarufu mkubwa haukuwa na maana ya utajiri mkubwa.

Alizaliwa na kukulia wapi?

Steven Charles Meshack Kanumba alizaliwa Januari 8, 1984 mjini Shinyanga. Alikuwa Msukuma, na masomo ya msingi aliyapata katika shule ya Bugoyi, mjini humohumo. Kisha alijiunga na sekondari ya Mwadui.

Mwadui si jina geni. Ndipo Dk. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Canada, alipogundua almasi mwaka 1940 na kuanzisha mgodi uliotangaza jina la Shinyanga duniani. Mtoto aliyesoma Mwadui alikua akiona watu waliokuja kutoka pande zote za nchi kufuata kazi na mshahara.

Ukanda huo ulibadilika tena Kanumba alipokuwa kijana. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ukafuata mwaka 2001. Vijana wengi wa Kanda ya Ziwa walielekea huko, wengine migodini na wengine kwenye machimbo madogo. Kanumba alielekea upande wa pili, Dar es Salaam, ambako alihamia kuendelea na masomo katika shule ya Dar es Salaam Christian Seminary.

Usukumani, sanaa ya jukwaani haikuanza na televisheni. Kwa vizazi kadhaa vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu vimekuwa vikishindana uwanjani baada ya mavuno, kila upande na manju wake. Mshindi hujulikana kwa jambo moja: nani amevuta watu wengi zaidi. Miaka ya baadaye Kanumba naye angepimwa kwa kipimo hichohicho.

Je, aliwahi kuwa mwanajeshi?

Hapana. Lakini masomo ya kidato cha tano na sita aliyasomea Jitegemee, shule iliyo chini ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Vijana wa umri wake hawakupitia mafunzo ya lazima ya jeshi hilo, kwa kuwa yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013.

Majeshi ya Tanzania yamekuwa na nafasi yake katika historia ya burudani nchini. Baada ya uhuru, JKT na Jeshi la Wananchi yaliunda bendi na vikundi vya sanaa. Kimulimuli ya JKT na Mwenge Jazz ni majina ambayo wasikilizaji wa redio wa miaka hiyo wanayafahamu. Kizazi cha Kanumba kilikuja wakati mambo yamebadilika. Msanii hakuajiriwa tena na jeshi wala shirika la umma. Alijitafutia mwenyewe sokoni.

Aliingiaje kwenye televisheni?

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Kanumba alikuwa na miaka kumi. Alikua pamoja na televisheni yenyewe.

Kabla ya hapo, mchezo wa kuigiza ulikuwa mali ya redio. Vituo vipya vilipoanza, vilihitaji vipindi vya Kiswahili, na vikundi vya maigizo vikapata nafasi. Kimojawapo kilikuwa Kaole Sanaa Group, ambacho michezo yake ilioneshwa ITV. Watu walikuwa wakikusanyika kwa jirani mwenye runinga kufuatilia sehemu ya wiki hiyo.

Kanumba alijiunga na Kaole mwaka 2002. Michezo kama Jahazi na Dira ndiyo iliyomtambulisha kwa watazamaji. Katika kundi hilo alikuwa pamoja na Vincent Kigosi, maarufu kama Ray, na Blandina Chagula, ambao nao walikuja kuwa majina makubwa.

Kaole ilikuwa shule kwa vijana hawa. Wengi wao hawakuwa wamesomea uigizaji chuoni, na kazi waliijifunza kwa kuifanya: mazoezi, kurekodi, kisha kurekodi tena.

Kutoka runinga hadi filamu za madukani

Wakati huohuo filamu za Nigeria zilikuwa zimejaa madukani na kwenye vibanda vya video. Zilionesha kwamba Waafrika wanaweza kutengeneza filamu kwa kamera ya kawaida na bajeti ndogo, na bado zikapata wanunuzi. Wasanii wa Dar es Salaam walijifunza somo hilo. Filamu ya Girlfriend, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni miongoni mwa zilizofungua njia, na waigizaji wa televisheni wakaanza kuhamia huko mmoja mmoja.

Kanumba alikuwa mmoja wao. Filamu ya Johari, aliyoigiza pamoja na Ray na Blandina Chagula, ilipata umaarufu kiasi kwamba Blandina alibaki na jina la Johari hadi leo. Mwaka 2006 ikaja Dar to Lagos, ambayo Kanumba aliigiza pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria. Kwa mtazamaji wa Tanzania, kumwona kijana wa kwao akisimama sawa na nyota wa Nollywood lilikuwa jambo jipya.

Baadaye zilifuata filamu nyingi, zikiwemo Oprah ya mwaka 2008, aliyoigiza na Irene Uwoya na Ray, Uncle JJ, This Is It, na Devil Kingdom ya mwaka 2011, ambamo alimshirikisha Ramsey Nouah wa Nigeria. Katika Uncle JJ na This Is It aliwapa watoto nafasi kubwa, jambo lililofanya familia nzima kukaa pamoja kutazama.

Nyingi ya filamu hizi zilikuwa na majina ya Kiingereza lakini mazungumzo ya Kiswahili. Wakosoaji walilalamikia mtindo huo, pamoja na tabia ya kuiga Nigeria na kuigawa hadithi moja katika sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili. Watazamaji waliendelea kununua. Filamu hizo zilifika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, kote ambako Kiswahili kinaeleweka.

Mwaka 2009 Kanumba alialikwa kama mgeni katika jumba la Big Brother Africa, Afrika Kusini. Baadhi ya Watanzania walimcheka kwa namna alivyozungumza Kiingereza. Kicheko hicho kilizua mjadala kuhusu lugha na elimu nchini, kwa kuwa wengi waliomcheka walikuwa wamesoma shule kama zake. Yeye hakurudi nyuma. Aliendelea kutafuta washirika nje ya nchi na kuitangaza kampuni yake, Kanumba The Great Film.

Soko lilifanya kazi vipi?

Ili kuelewa maisha ya Kanumba ni lazima kuelewa biashara iliyokuwa nyuma yake. Tanzania haikuwa na kumbi nyingi za sinema. Fedha zilipatikana kwa kuuza kanda na baadaye DVD kupitia wasambazaji wa Dar es Salaam, ambao walizituma mikoani. Mwanza, Shinyanga, Kahama na miji ya machimbo kama Katoro ilikuwa sehemu ya soko hilo.

Mara nyingi mtayarishaji aliiuza filamu yake kwa msambazaji kwa malipo ya mkupuo. Akishapokea fedha, hakuwa na sehemu katika mauzo ya baadaye. Filamu ikiuzwa nakala nyingi, faida ilibaki kwa aliyeinunua. Msanii aliyetaka kuishi vizuri alilazimika kutengeneza filamu nyingine haraka, na nyingine tena.

Tatizo la pili lilikuwa nakala bandia. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwepo, lakini kukamata kila mtu anayerudufu DVD kwenye kibanda lilikuwa jambo gumu. Serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, na wakati huo Kanumba alikuwa tayari amefariki.

Hapo ndipo penye funzo ambalo wasanii wa leo wanapaswa kulizingatia. Uso wa mtu unaweza kujulikana kuanzia Lagos hadi Lubumbashi, lakini asipobaki na haki za kazi yake, umaarufu huo hauiachii familia kipato cha kudumu.

Kifo kilichoitikisa nchi

Usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi, Aprili 7, 2012, Kanumba alifariki baada ya kuanguka nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Uchunguzi wa madaktari ulieleza kwamba alipata mtikisiko wa ubongo.

Habari zilisambaa kabla ya kupambazuka. Pasaka ya mwaka huo iligeuka msiba. Rais Jakaya Kikwete alifika nyumbani kwa marehemu kutoa pole, na Aprili 10 maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders Club kumuaga. Watu walizirai, na barabara za kuelekea Kinondoni zilijaa. Si kawaida kwa Tanzania kuona umati wa namna hiyo kwa mtu asiye kiongozi wa siasa.

Mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, ambaye alikuwa naye usiku huo, alikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Baada ya mabishano ya kisheria kuhusu umri wake, shtaka lilibadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na Januari 2013 alipata dhamana. Kesi hiyo iliendelea kwa miaka. Novemba 13, 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 aliondoka gerezani ili kumalizia adhabu yake kwa kutumikia jamii.

Kwa sheria ya Tanzania, kuua bila kukusudia ni kosa tofauti na mauaji. Mahakama inaweza kuona kwamba kitendo cha mtu kimesababisha kifo bila yeye kuwa na nia ya kuua. Tofauti hiyo ilijadiliwa sana mitaani wakati wa kesi hii, na huenda Watanzania wengi waliielewa kwa mara ya kwanza kupitia msiba huu.

Ameacha nini?

Baadhi ya filamu zake zilitoka baada ya yeye kufariki. Miaka iliyofuata soko la DVD lilidhoofika, watazamaji wakahamia kwenye simu na ving'amuzi, na tamthilia za televisheni zikarudi kwa nguvu. Wako wanaosema kwamba Bongo Movie ilikufa na Kanumba. Hilo ni kukuza mambo, kwa sababu teknolojia ilikuwa inabadilika hata angekuwepo. Ila hakuna ubishi kwamba tasnia ilimpoteza mtu aliyekuwa mstari wa mbele kuisukuma nje ya mipaka.

Kwa vijana wa Shinyanga, Kahama na Geita, ambako mtu huambiwa kwamba riziki iko chini ya ardhi, maisha yake yalionesha njia nyingine. Njia hiyo nayo ina hatari zake, kama machimbo yalivyo na zake: anayechimba si lazima awe ndiye anayefaidi. Kanumba alivuta watu wengi kuliko manju yeyote wa kwao. Swali la nani anabaki na thamani ya kazi hiyo bado linawakabili wanaomfuata.